Zamu kwa Jina la Ntandu

Chai haikutetemeka.

Hicho ndicho Yusta alichokiona kwanza. Kikombe cha bati cha Mzee Ntandu kilikuwa bado juu ya meza ya mitambo, nusu yake chai ya rangi iliyokwisha kupoa na kufanya utando. Kila baada ya dakika arobaini, chujio kubwa lililokuwa chini ya sakafu lilipojisuuza, meza ilitikisika kidogo, na chai yoyote iliyokuwa juu yake ilichora miduara. Kwa miaka mitatu Yusta alikuwa ameizoea miduara ile, asiiwaze tena. Sasa alisimama na tambara la kudekia mkononi, akaitazama chai. Dakika arobaini zilipita. Zikapita hamsini. Chai ilitulia tuli.

Alilitupa tambara akakimbilia kwenye kioo cha mtambo.

Maji ya kisima cha Irunda yalitoka ardhini makali, yamejaa chumvi na magadi. Tangu mvua zilipokatika nchi hii, hapakuwa na maji mengine ya kunywa umbali wa safari ya siku mbili, na watu mia tisa waliishi kwa yale yaliyopita kwenye chujio. Lisiposuuzwa kwa saa mbili, chumvi huganda kwenye ngozi yake, na ngozi ikiganda hupasuka. Chujio la kwanza lilipasuka Yusta akiwa darasa la tano. Mwaka ule shule ilifungwa, na watoto kumi na mmoja walizikwa nyuma ya ghala. Shule ilipofunguliwa tena, Yusta hakurudi. Mdogo wake alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

Kwenye kioo, Daftari, mtambo uliotunza majina na kuendesha kazi zote za kituo, lilikuwa limeandika mstari mmoja, mara arobaini na moja, mstari chini ya mstari:

ZAMU IMESIMAMA. MWENYE ZAMU HAYUPO.

Yusta aliweka kiganja juu ya kioo. Mkono ulitoka jasho, ikabidi aufute kwenye kanga na kuuweka tena. Akaamuru: Suuza chujio. Mara moja. Sakafu ikaguna, meza ikatikisika, chai ikachora miduara yake. Alikaa kwenye kiti cha Mzee Ntandu, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akaanza kulia bila sauti, kama alivyofanya mambo yake yote.

Maana alijua ni nani aliyezisimamisha zamu zile.

Mzee Ntandu alikuwa ameanguka pale pale saa moja na nusu asubuhi, kikombe kikiwa bado mezani. Hakuanguka kwa kishindo. Aliketi chini taratibu kama mtu aliyechoka, akamshika Yusta mkono, na kabla Yusta hajajua la kufanya, mkono ule ulikuwa umelegea. Yusta alimfumba macho. Akamvua kofia, akaiweka kifuani pake.

Irunda, msiba hauingii nyumbani peke yake. Aliyemfumba marehemu macho ndiye anayeupeleka, kwa miguu yake na kwa mdomo wake, hata kama ni mtoto. Yusta aliijua desturi hiyo. Alitoka kituoni, akatembea hadi mlangoni kwa Mama Sungi, mke wa mzee. Akasimama pale. Kisha akarudi.

Aliporudi aliliandikia Daftari. Kuandika hakukumwogopesha. Akaitafuta fomu ya msiba, Daftari likamwambia fomu hiyo ni ya familia. Ya ngazi yake, ngazi ya Mwangalizi, ilikuwa moja tu: Mtumishi hayupo kazini. Akaijaza. Palipoulizwa sababu, akachagua kifo. Akaiarifu na zahanati kwa maandishi vilevile, halafu akajificha chumba cha pampu mpaka wabebaji walipokuja na kuondoka.

Hakujua kwamba fomu ile imetengenezwa kwa ajili ya watu waliofukuzwa na waliotoroka. Hukata haki zote za mtumishi saa ileile. Na kila zamu ya kituo kile, kila kazi iliyojirudia yenyewe kwa saa zake, arobaini na moja zote, ilienda kwa haki za mtu mmoja.

Sasa aliandika, kidole kimoja kimoja: Panga zamu. Suuza chujio. Kila dakika arobaini.

HUNA KIBALI CHA KUPANGA ZAMU. UNAWEZA KUENDESHA MARA MOJA.

Akaandika: Suuza chujio, kisha subiri dakika arobaini, kisha suuza tena.

AMRI INAYOJIRUDIA NI ZAMU. HUNA KIBALI CHA KUPANGA ZAMU.

Akaandika: Nani ana kibali?

MSIMAMIZI MKUU, MAKAO MAKUU. OMBI LAKO LIMEPOKELEWA. LITAJIBIWA NDANI YA SIKU KUMI NA NNE.

Yusta alihesabu. Kusuuza mara thelathini na sita kwa siku. Kwa siku kumi na nne alishindwa, akaacha. Kiganja kilichojulikana na mtambo ule kilikuwa cha watu wawili tu, na mmoja alikuwa zahanati, kwenye chumba cha baridi.

*

"Mabuti!" alisema Mtendaji Kijanda akiingia, kishikwambi chake kimeinuliwa juu kama ushahidi. "Daftari limempelekea mama wa watu ujumbe: Mtumishi Ntandu ameondolewa, sababu kifo, rudisheni mabuti na funguo. Hata pole hakuna! Nimekuwa mtendaji miaka tisa, sijaona msiba unaoanza na mabuti."

Nyuma yake aliingia Sungi, mtoto pekee wa marehemu, mwanamume wa miaka thelathini, macho mekundu.

"Shikamoo, Mtendaji," alisema Yusta. Sauti yake haikufika mbali.

"Marahaba, binti. Pole na kazi. Maji yapo?"

"Yapo. Nasuuza kwa mkono."

"Kwa mkono mpaka lini?"

Yusta alimwonyesha kioo. Mtendaji alisoma, akatoa mluzi.

"Siku kumi na nne. Na hizi zamu, kwa nini zote ziko kwa jina la mzee? Si za kituo?"

"Aliomba ziwe kwa jina la kituo," alisema Yusta. "Hakuwa na kibali cha kuziweka hivyo. Hawakumjibu. Akaziweka kwa jina lake, kwa muda."

"Muda gani?"

"Miaka kumi na miwili."

Sungi alicheka kicheko kibaya. "Baba huyo. Hata mlango wa choo chetu ameufunga kwa waya, kwa muda." Kisha uso ukamvunjika. Aliufunika kwa mikono. "Dada Yusta, mama amenifukuza nyumbani. Anasema ni mimi niliyemwandika baba. Anasema mwenye fomu ya familia ni mimi, nani mwingine? Kaniambia, umemwandika baba yako kama mbuzi aliyepotea. Mimi! Nilikuwa shambani, nimepata habari kwa watu!"

"Na mkutano wa msiba?" aliuliza Mtendaji.

"Msiba gani? Mama anasema hajaambiwa. Anasema kijimashine hakimwambii yeye msiba. Anapika. Amemwekea baba chakula chake kwenye kawa, anamsubiri. Nikamwambia mama, mimi nimemwona, amelala pale, kofia kifuani. Akaniuliza, macho je? Nikasema yamefumbwa. Akasema, macho hayajifumbi, Sungi. Aje aliyeyafumba."

Chini ya sakafu maji yaliguna kwenye mabomba.

"Si mganga wa zahanati aliyemfumba?" alisema Mtendaji.

"Mganga anasema alimkuta hivyo." Sungi alimgeukia Yusta. "Dada, wewe ulimkuta akiwa hai?"

Ulimi wa Yusta ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Alitikisa kichwa. Hakujua mwenyewe kichwa kile kilisema nini, lakini wote wawili walikisoma kuwa ni hapana. Wakashukuru, wakaondoka, na Yusta akabaki na saa ya ukutani.

*

Siku ya pili, mchana, mikono yake ilianza kumsaliti.

Alikuwa amepitisha kusuuza mara arobaini. Alijifunga kamba kiunoni, akaifunga ncha nyingine kwenye mpini wa ndoo iliyojaa, ili akisinzia na kuegemea upande mmoja ndoo imwagike imwamshe. Ilimwagika mara tatu. Mara ya nne alikuwa amesahau kuijaza. Alizinduka shavu likiwa juu ya meza, na saa ikimwambia kwamba saa moja na dakika hamsini zimepita. Alikipiga kioo kiganja kwa nguvu mpaka mkono ukafa ganzi. Sakafu haikuguna mara moja. Ilikwaruza kwanza, sauti kama ya mtu anayekohoa mchanga, kisha maji yakapita. Yalitoka na magamba meupe, makubwa kama kucha.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi tu lipasuke. Yusta aliyaokota magamba yale akayaweka kwenye kiganja, akayatazama. Mdogo wake aliitwa Nkungu. Alikuwa na meno ya kahawia na alipenda kucheka.

Alichukua kishikwambi cha kituo, akafungua maelezo ya Daftari. Hakuwahi kuyasoma yote. Alisoma kidole kikiwa chini ya maneno, akirudia mistari aliyoshindwa, na alipofika kipengele cha mia moja na tatu kidole kilisimama.

Kifo cha mtumishi kikitangazwa na mjane wake, au na mzazi au mtoto kama hakuna mjane, kwa sauti, baada ya kuarifiwa na aliyeshuhudia, zamu zote za marehemu zitaendelea hadi siku ya arobaini. Tangazo hili hufuta fomu ya kuondolewa.

Alikisoma mara tatu. Siku arobaini. Makao makuu yangejibu katika siku kumi na nne. Zilitosha, na zilibaki nyingi.

Kilichotakiwa ni kwamba aende kwa Mama Sungi na kufungua mdomo.

Alikuwa bado amekaa hivyo, magamba mkononi, Mtendaji Kijanda alipoingia tena. Safari hii hakupiga kelele. Alivuta stuli, akaketi karibu, akaongea chini chini kama anayeuza kitu.

"Binti, nimeongea na watu wanaojua. Kuna njia. Hiyo fomu ya kuondolewa, aliyeijaza anaweza kuifuta. Anaandika tu: ingizo la makosa. Daftari linarudi kumwona mzee yu hai, zamu zinarudi. Haiulizi jina, haiulizi maneno. Sijui ni nani aliyeijaza na wala sitaki kujua." Aliitazama dari. "Nasema tu, kama ungemfahamu mtu huyo."

Yusta aliyafunga magamba kwenye pindo la kanga.

"Siku kumi na nne. Chumba cha baridi kipo. Zahanati haitoi mwili wa mtu ambaye Daftari linamwita hai, kwa hiyo mzee atangoja, basi. Yeye hana haraka tena."

"Na mama?"

"Mama si anasema hajaambiwa? Mwache asiambiwe siku kumi na nne." Alisema hivyo kisha akaona haya mwenyewe, akajikuna kidevu. "Nina watoto wanne, binti. Wa mwisho ananyonya chupa. Usinitazame hivyo."

Alipoondoka, Yusta alisuuza. Kisha akaifungua fomu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo: Ingizo la makosa. Kidole kimoja tu, na hakuna atakayejua. Hatatembea kokote, hatatazamwa na mtu, na maji yatatoka. Mwili wake wote, uliokuwa unatetemeka kwa usingizi, ulikiomba kisanduku kile kama mgonjwa anavyoomba shuka.

Ndipo alipokumbuka fomu nyingine.

Mwaka mzima Mzee Ntandu alikuwa anamsumbua kwa ajili yake. "Yusta mwanangu, omba ngazi ya Mpangaji. Ukurasa mmoja! Nikifa leo, utaliambia nini chujio? Lisubiri barua?" Naye Yusta alicheka, mkono mdomoni, akasema ataijaza kesho. Aliifungua mara nyingi. Kila mara alifika kwenye neno Elimu, akaiona nafasi tupu mbele yake, akaifunga. Angeandika darasa la tano, na mtu wa mbali, kwenye kiti cha mbali, angesoma darasa la tano.

Kwa sababu ya nafasi ile tupu, zamu zilibaki na jina moja. Kwa sababu ya mlango mmoja, Sungi alilala kwa jirani. Sasa kisanduku kilikuwa kinamtaka afanye tena lilelile, mara ya tatu, kwa upole uleule. Na safari hii aliyeachwa nje ya mlango angekuwa Mzee Ntandu mwenyewe, amelala kwenye baridi akiitwa hai, na mke wake akimpakulia chakula.

Alisuuza mara moja zaidi. Akaitazama saa. Dakika arobaini. Kwenda kwa Mama Sungi ni dakika kumi na tatu.

Alifungua kamba kiunoni, akakitia kishikwambi kwenye kanga, akatoka.

*

Jua la saa tisa lilimpiga usoni kama mlango uliofunguliwa ghafla. Alipita ghala, akapita makaburi madogo, hakutazama pembeni. Njia nzima alirudia neno moja moja, na kila alipofika kwenye neno la tatu, mengine yalimtoroka.

Mama Sungi alikuwa jikoni, nje, chini ya bati. Mwanamke mwembamba, mrefu, kilemba kimefungwa vizuri kama mtu anayetarajia mgeni. Alikuwa anasonga ugali wa mtama. Kando yake sahani mbili, bakuli moja la mlenda, na kawa.

"Karibu, Yusta," alisema bila kugeuka. "Umekuja kuchukua chakula cha mzee? Leo kachelewa kutuma."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mwanangu, hapa pana moshi."

Yusta alisimama. Mwiko uliendelea kuzunguka. Kuku mmoja alipita kati yao, akasimama, akaenda zake. Dakika kumi na tano zilikuwa zimekwenda, na kama angerudi sasa hivi angewahi. Angesuuza. Angesuuza kesho na keshokutwa, mpaka siku moja ndoo isimwagike.

"Mama," alisema. "Weka mwiko."

Mwiko ulisimama. Mama Sungi aligeuka polepole. Aliutazama uso wa Yusta, akaitazama mikono yake, akautazama mkono wa kulia muda mrefu, kana kwamba aliona juu yake alama ya kope za mumewe. Kisha akaipua sufuria, akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta, akaketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kama wanavyoketi wanaopokea.

"Haya," alisema. "Nipe."

"Baba amefariki," alisema Yusta. Sauti ilitoka kubwa, hata kuku akaruka. "Jana, saa moja na nusu asubuhi. Pale kwenye meza. Hakuteseka. Alinishika mkono, halafu akauachia. Nilimfumba macho mimi. Kofia niliiweka mimi."

Mama Sungi hakulia. Alifungua kilemba chake, pindo baada ya pindo, akakiweka mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Yusta hakuwahi kuziona.

"Alikunywa chai?"

"Nusu."

"Nusu," alisema Mama Sungi. "Siku zote nusu. Anasema ya chini ni ya shetani." Na hapo ndipo alipolia. Alilia akijipiga magoti, naye Yusta akapiga magoti mbele yake, akashikwa shingo, akavutwa, akalia naye, na kwa mara ya kwanza kilio chake kilisikika hadi nyumba ya pili. Watu walianza kuja.

Yusta alikitoa kishikwambi. "Mama, naomba uliambie na Daftari. Kwa sauti yako. Zamu za mzee zimesimama. Nasuuza kwa mkono tangu jana, na zimebaki dakika chache."

Mama Sungi alikitazama kile kitu kwa chuki. Kisha akavuta pumzi.

"Mimi ni mke wa Ntandu," aliliambia. "Mume wangu amekufa. Nimeambiwa na aliyemfumba macho. Mabuti yake atazikwa nayo."

Kioo kilikaa cheupe. Kikakaa. Kisha mistari ikaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa arobaini na moja:

ZAMU INAENDELEA. MWENYE ZAMU: NTANDU (MAREHEMU). HADI SIKU YA AROBAINI.

Mbali, upande wa kituo, bomba la kumwagia maji machafu lilikohoa, likamwaga. Hakuna aliyeligusa.

Yusta aliinamisha kichwa. Wanawake walikuwa wanatandika mikeka, mtu alikuwa anazima moto. Langoni alitokea Sungi, akasimama nje ya boma, hathubutu kuingia, kofia ya baba yake mkononi.

Mama Sungi alimwona. Uso ukamkauka.

"Huyo hapana," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Huyo alimwandika baba yake kama mtoro kabla sijaambiwa. Akazike, lakini kwenye mkeka wangu asikae."

Sungi alikuwa amekwisha kuapa vya kutosha. Aligeuka taratibu kwenda zake.

Maji yalikuwa yanatoka. Hapakuwa tena na kitu chochote duniani kilichomlazimisha Yusta kusema neno. Watu wote walimtazama kwa upole, yeye aliyeleta msiba kwa mdomo wake kama inavyotakiwa, na macho yale, kwa mara ya kwanza, hayakumchoma.

"Kaka Sungi, ngoja," alisema.

Akamgeukia Mama Sungi, akausogeza uso wake karibu, lakini sauti hakuishusha.

"Hakumwandika yeye. Ni mimi. Nilikuja kwanza, mama, jana asubuhi. Nilifika hadi hapo mlangoni. Nikakusikia unamwimbia kuku wako, nikaona haya, nikarudi."